Maji ya Kumtemea Mwimbaji

Mimi ni mtu wa hasira, na sijawahi kulificha jambo hilo. Mguu wangu wa kulia uliishia chini ya goti, huko mashariki, na tangu nirudi Kolwezi ninaziba mipira ya pikipiki kando ya barabara iendayo Kingamyambo. Kazi hii haihitaji miguu miwili. Inahitaji kigoda, beseni la maji, gundi, na masikio ya kuvumilia muziki, kwa sababu kila dereva wa pikipiki wa hapa kwetu amefunga redio chini ya kiti, na kwa miaka mingi wote walipiga wimbo mmoja tu.

Ulikuwa wimbo wa mwimbaji mkubwa wa mji wetu. Aliutoa wakati sisi tuko kwenye mahandaki. Aliwaambia akina mama wafiche viatu vya watoto wao wa kiume ili asiwepo wa kwenda kujiandikisha. Alisema wakubwa wanapika, na sisi tunaokwenda ndio kuni. Kisha akafunga kitambaa cheupe kichwani, akatembea mbele ya umati katikati ya mji kupinga vita, na picha zake zikafika hadi kwetu kwenye simu ya mwenzetu mmoja. Tulikuwa tumekaa kwenye matope, siku ya tatu ya kula biskuti. Mwenye simu aliizima, akaitia mfukoni.

Niliporudi na magongo yangu, watoto wa mtaani walikuwa wameshanipa jina. Walikuwa na adabu zao, siwezi kuwasingizia. Mmoja alinisalimu kwa kukunja magoti na kuunganisha viganja, kama alivyofundishwa nyumbani, akasema, "Jambo, Tata Kuni," yaani Baba Kuni. Mama yake alitoka mbio na mwiko mkononi, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama askari anapaswa kuwasamehe watu maarufu waliosimama kupinga vita yake, nilikuwa na jibu moja, nalo nilikuwa nalitema chini karibu na kiatu cha muulizaji. Siku hizi jibu hilo sinalo tena, na ndiyo sababu ninaandika.

Lazima niseme habari ya mdogo wangu. Tulikuwa wawili tu kwa mama. Baba alifariki tukiwa wadogo. Mimi niliingia jeshini mapema, yeye akaingia mashimoni, kuchimba kobalti na vijana wenzake waliotoka kila pembe ya nchi. Mwaka wa pili wa vita alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mwaka huohuo, kabla ya Pasaka, alikwenda kujiandikisha, na mama alikuwa ameshasikia ule wimbo. Mama yangu si mtu wa kusikia jambo na kuliacha lipite. Alikusanya viatu vyote vya mdogo wangu, vya misa na vile vya raba vya mashimoni, akavipeleka kwa jirani katekista, vikafungiwa kwenye kabati la vitabu vya nyimbo. Hata hivyo mdogo wangu aliondoka. Mama aliamka asubuhi, akakuta kitanda kitupu, na kuanzia siku hiyo akawa na hadithi moja: mwanawe aliondoka miguu mitupu. Aliipenda vita kuliko mama yake, hata akaikimbilia bila viatu.

Hadithi hiyo aliisimulia kisimani, aliisimulia baada ya misa, aliwasimulia wauza mkaa. Mdogo wangu alipouawa, miezi saba baadaye, aliisimulia kwenye kilio. Maiti haikurudi. Tulilia mbele ya kitanda chake kilichotandikwa na picha yake juu ya mto, na mama alikuwa akiiambia picha ile, akiviita viatu bilatu kama tunavyoviita hapa, "Bila bilatu, mwana wangu. Ulikwendaka bila bilatu." Mimi nilikuwa nimerudi kutoka hospitali wiki tatu tu. Nilikaa pembeni na kisiki changu kimefungwa bandeji, nikiangalia sakafu.

Siku ya pili ya kilio mwimbaji alikuja. Alikuja kwa miguu, na watu wawili wa bendi yake, bila vyombo, kichwa chini. Mama aliinuka kumpokea. Mimi nikamtangulia. Nilisimama mlangoni kwa gongo moja, na mbele ya majirani wote nikamwambia kwamba ameimba kifo cha mdogo wangu kabla hakijafika, na kwamba sauti yake ikauke na tumbo lake lioze. Watu walishika vinywa. Kwetu maneno kama hayo hayasemwi ovyo, na mimi niliyasema kwa sauti ya kuamrisha kikosi. Mwimbaji aliniangalia, akageuka, akaenda zake.

Miaka saba ikapita. Sisi tuliorudi tulikuwa na kikundi chetu. Tulikutana Jumamosi kwenye ua wa mkubwa wetu, mzee mmoja aliyekuwa ajida, cheo cha juu ya sajini, ambaye mpaka leo hupiga pasi suruali zake hadi unaweza kujikata nazo. Huko tulisaidiana, tulisemana, na kila mkutano ulimalizikia kwa mwimbaji.

"Alituita kuni mbele ya bibi zetu na batoto yetu," ajida alikuwa akisema. "Siku akihitaji kitu, aende kwa bale balimupigiaka makofi."

Jumamosi moja mwenzetu aliyepoteza jicho aliuliza polepole, "Na kama alisemaka kweli, ajida?"

"Njo pale pabaya sana," ajida akajibu. "Angekuwa muongo, tungemusamehe zamani."

Tulicheka wote. Mimi nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Basi mwaka jana, mvua zilipokuwa zikikaribia kwisha, mwanamke mmoja alikuja kwenye kibanda changu asubuhi. Hakuwa na pikipiki. Alisubiri nimalize kazi ya mteja, akasogea.

"Jambo, tata. Njo miye bibi ya ule mwimbaji."

Mke wake. Nilijifanya natafuta gundi.

"Bwana yangu anagonjwa. Mwezi wa tatu hawezi kusimama. Miguu inavimba, tumbo inavimba. Tumemupeleka ku hopitali, tumemupa na mizizi. Sasa bakubwa ya jamaa banamuuliza nani iko na kasirani naye ku roho. Alitaja weye mbele ya bantu yote."

Kwa yule asiye wa kwetu nieleze. Mgonjwa akikataa dawa zote, jamaa hutafuta ni nani amemkasirikia. Huyo huitwa. Hukaa karibu na kitanda, akasema neno lake lote, toka mwanzo hadi mwisho, bila kuruka. Kisha hunywa maji, huyashika mdomoni, humpulizia mgonjwa kifuani na kusema: kama ni hasira yangu, ipoe. Lazima awe na mtu wa damu yake wa kukaa pembeni na kusikia, ili kesho asije akageuza maneno. Wakatoliki tunafanya, Waprotestanti wanafanya, na katekista siku hiyo huwa na safari.

"Nitafikiri," nikamwambia.

"Tata, siku ya kufikiri haziko mingi."

Nilikasirika, na hasira yangu haikuwa juu ya yule mama. Wanaokula matunda ya umaarufu wana namna yao ya kukumbuka watu wadogo wakati wanapoumwa. Jumamosi nililileta jambo kikundini. Ajida alisema atakayekwenda asirudi kwenye ua wake. Nikasema siendi, na nikapigwa mgongoni kwa furaha. Kwa siku chache nililala vizuri.

Nililala vizuri kwa sababu nilikuwa mwongo. Nikimsamehe mwimbaji, nitakuwa nimekubali kwamba vita ile haikuwa na maana, na kama haikuwa na maana, basi mguu wangu uko wapi, na mdogo wangu yuko wapi? Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na ni kweli nusu. Ile nusu ya pili nilikuwa nimeikalia kwa miaka saba.

Mama alisikia habari kutoka kwa wake wa wenzangu. Aliniletea ugali tunaouita bukari na sombe ya majani ya muhogo, akakaa mbele yangu mpaka nimalize, jambo ambalo halifanyi.

"Kesho tunaenda," akasema. "Weye na miye."

"Mama, ule muntu…"

"Ule muntu alisema nifiche bilatu. Nilificha. Haiko kosa yake kama mutoto alinishinda. Miye sina kasirani naye. Weye njo ulimulaani mu nyumba yangu, na akikufa, ile kifo itakuwa mu nyumba yangu."

Nilijaribu ujanja. Nilisema mtu wa damu wa kukaa pembeni awe mjomba wetu wa Tenke, mwanaume kwa wanaume, na kwamba nitampigia simu aje kwa treni. Mama alicheka kidogo tu. Akasema mjomba hakutuzaa mimi na mdogo wangu.

Tulikwenda asubuhi. Kitanda cha mwimbaji kilikuwa kimehamishiwa sebuleni, chini ya picha zake mwenyewe akiwa na makoti ya kung'aa. Nilikuwa nimejiandaa kumwona adui. Nilikuta mtu mwembamba usoni, mnene tumboni, macho ya manjano, shuka hadi kifuani. Mke wake alisimama kichwani. Mjomba wa mwimbaji, mzee mfupi mwenye kofia ya sufi, ndiye aliyeongoza. Mama aliwekewa kiti kando yangu. Kikombe cha bati chenye maji kiliwekwa juu ya stuli, kati yangu na mgonjwa.

"Sema, tata," mzee akaniambia. "Toka mwanzo."

Nilisema. Nilisema juu ya mahandaki na biskuti na simu. Nilisema juu ya neno kuni na lilivyonifuata barabarani. Nilisema juu ya madereva wa pikipiki wanaoshuka mbele yangu na ule wimbo, na mimi nimeinama kwenye beseni nikitafuta tundu. Sauti yangu ilipanda, na sikuizuia.

"Njo ile yote?" mzee akauliza.

Kabla sijajibu, mwimbaji aliinua mkono. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana, na ilinibidi niiname nimsikie.

"Ile neno ya kuni nilisema juu ya bakubwa. Bantu bakaibeba, bakaitupa kwenu. Ningeona ile, singeiimba. Unisamehe ile." Akapumua. "Lakini iko ingine inanikula zaidi. Banasema mudogo wako alikwendaka miguu tupu. Juu ya wimbo yangu. Nilisema bafiche bilatu, mama akaficha, na mutoto akatembea ku mawe mpaka kule. Kila siku naona ile miguu."

Akaanza kulia. Alilia bila nguvu, machozi yakiingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali, na mke wake akayafuta kwa pembe ya kitenge. Mama naye akafunika uso.

Mimi nilikaa nikiwaangalia wawili hao wakiililia miguu ya mdogo wangu. Nimesoma hadi sekondari. Ninajua maji ni maji, na ninajua ini likiharibika linaharibika. Ningeweza kusema ndiyo, ni hilo tu, nikapuliza, nikaenda zangu kuziba mipira. Nilikwisha fungua mdomo kusema hivyo.

"Njo ile yote?" mzee akarudia.

"Apana," nikasema.

Nikasema lililobaki. Nilisema nikiangalia kikombe, sikuweza kumwangalia mama. Nilisema kwamba mwaka ule nilikuwa nimekuja likizo kwa siku kumi. Kwamba shimo moja lilikuwa limewaangukia wachimbaji waliochimba na mdogo wangu, na mimi niliogopa shimo kuliko nilivyoogopa risasi, kwa sababu risasi nilikuwa nimezizoea. Kwamba ni mimi niliyepeleka jina lake kwa waandikishaji. Kwamba alikuja kwangu na ule wimbo kwenye simu yake, akaniuliza kama tunavyomwita kaka mkubwa, "Yaya, huyu anasema kweli?" na mimi nikamwambia mwimbaji analipwa kwa kusema, sisi tunalipwa kwa kufanya. Kwamba jioni kabla ya kuondoka alinikuta nyuma ya nyumba, akaniambia mama ameficha viatu, labda basi asiende, labda ni ishara. Alikuwa akitafuta mtu wa kumwambia abaki. Nilimwambia asiwe mtoto. Nikaenda sokoni, nikamnunulia viatu vya mitumba, nikamvalisha mwenyewe, nikafunga kamba.

"Hakwenda miguu tupu," nikasema. "Njo miye nilimuvalisha."

 Nje pikipiki ilipita na mwenye nyumba ya jirani alikuwa akimwita mbuzi.  Mama aliuliza jambo moja tu.

"Rangi gani?"

"Buluu, mama. Kamba nyeupe."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia. Akainuka, akamwomba mke wa mwimbaji ruhusa, akafunga kitambaa chake vizuri, akatoka. Hakunigusa wala hakunitazama.

Mzee wa kofia ya sufi alinisukumia kikombe. Nilikunywa, nikayashika yale maji, nikampulizia mwimbaji kifuani. Nilisema kama ni hasira yangu, ipoe. Alinishika kidole kimoja, akakiachia. Watu wakapumua, na mke wake akanishukuru kwa jina la Mungu. Ningependa kuandika kwamba hapo nilimsamehe. Kwa kweli sikukuta cha kumsamehe. Kwa miaka saba nilikuwa nimemwekea mtu yule mzigo wangu kichwani, na alipougua aliugua nao.

Nilifika nyumbani polepole, kwa magongo, kwa sababu sikutaka kufika. Mama alikuwa chumbani mbele ya picha ya mdogo wangu, amepiga magoti, ana kikombe chake. Alikuwa akisema neno lake lote, toka mwanzo, kama desturi inavyotaka, na hakuwa na mtu wa kukaa pembeni kumsikia isipokuwa mimi mlangoni.

"Nilisema ulipenda vita kupita miye," alikuwa akimwambia. "Nilisema ku bantu yote. Nilikukasirikia mutoto wangu mu udongo, miaka saba, sikukuombea misa hata moya na roho safi. Na weye ulikuja kutafuta muntu akuambie ubakie." Akanywa, akaipulizia picha, akaifuta kwa kiganja. "Kama ni kasirani yangu, ipoe."

Nilingoja amalize. Nilikuwa nimekonda kwa hofu siku ile moja.

"Na miye, mama?" nikasema.

Alinigeukia. Uso wake haukuwa na hasira, na ningeipokea hasira kwa mikono miwili.

"Mwimbaji hakunichukulia kitu," akasema. "Weye ulinisikia nikisema bila bilatu, bila bilatu. Ku kilio. Ku meza. Ulikuwa unakula, unanyamaza."

Akainuka akaenda jikoni, maana saa ya kupika ilikuwa imefika.

Mwimbaji alifariki baada ya siku kumi na nne. Nilikwenda kwenye kilio chake, nikakaa na wanaume, na madereva wa pikipiki walizima redio zao walipopita. Mama alimlilia mwimbaji kama mtoto wake wa tumboni. Ajida alitimiza ahadi yake: jina langu lilifutwa, na akinikuta barabarani anatazama mistari ya suruali zake. Mwenzetu wa jicho moja huja kibandani kwa siri. Ananiuliza kama kweli nilimsamehe yule mtu, na kama na yeye amsamehe, ingawa ameshakufa. Namwambia hilo ni swali jepesi, aniulize lingine.

Mama na mimi bado tunakaa nyumba moja. Anafua nguo zangu. Ananipikia, na chakula changu anakileta kimefunikwa kwa sahani nyingine juu, kama tunavyowafunikia wageni. Akiniita, ananiita kwa adabu. Viatu vya mdogo wangu alivirudisha kutoka kwa katekista, akavigawa.

Kila Jumapili baada ya misa ninajaza kikombe, ninampelekea pale anapokaa, na kusema neno langu lote upya toka mwanzo, bila kuruka. Hujibu, "Niache, tata, nimechoka," na mimi humwaga yale maji nje. Jumapili iliyopita kulikuwa na joto kali, vumbi limejaa kila mahali. Nilisema neno langu, nikamnyooshea kikombe, na kwa mara ya kwanza mikono yake ilitoka kwenye kitenge ikakipokea.  Nilifunga macho, nikatoa kifua mbele, nikangoja. Nilipofungua macho alikuwa anakunywa. Aliyanywa yale maji yote taratibu, kwa sababu alikuwa na kiu, kisha akanirudishia kikombe.